Kizungu Hakina Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu Steven ametuambia kila mtu anunue daftari na aandike kila siku, kwa Kiingereza. Nimeandika "Today rain." Nikakaa robo saa nzima nikisubiri neno la tatu, halikuja. Basi naandika kwa Kiswahili, akikasirika shauri yake.

Darasa liko ukumbi wa kanisa, Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri. Tuko kumi na saba. Kilichonipeleka pale ni kimoja tu. Kuna kambi ya watalii upande wa hifadhi inatafuta wanawake wa kufanya kazi vyumbani na mezani. Usaili ni tarehe 26 Mei, na wanataka mtu anayeweza kuongea na mzungu bila kukimbia. Nikipata, nitakaa kambini wiki sita, nyumbani wiki mbili. Nitakuwa na mshahara wangu, na hakuna atakayeniuliza kila siku mume wako anarudi lini.

Mume wangu ni Simioni. Alivuka kwenda Kenya kutafuta kazi ya ujenzi, huu ni mwaka wa tatu. Aliniacha hapa Machochwe kwenye boma la wazazi wake, mimi na binti yetu Irine wa darasa la kwanza. Kwetu ni Itiryo, mbali, na mama yangu alishafariki. Sasa Irine ni mtoto wa boma la Mzee Heche, baba yake Simioni. Bila neno la mzee siwezi kumwacha mtoto hapa, wala siwezi kuondoka naye. Na mzee hajui kama nasoma. Mama mkwe, Agustina, naye hajui, anadhani naenda kwaya.

Leo tumefundishwa neno moja, "get". Get ni kupata. Nikaandika. Halafu get ni kufika. Nikaandika. Halafu get wet ni kulowa, get old ni kuzeeka, get up ni kuamka. Nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza, "Mwalimu, hawa watu wamekosa maneno au ni uvivu?" Akacheka, akasema tutakuwa na neno hilo mpaka masika yaishe.

Jioni mama mkwe kaniambia, "Simioni amepiga simu. Anakusalimia. Mwezi wa sita yuko nyumbani." Kwangu hapigi. Mama anasema namba zake za Kenya zinagoma kwenye simu yangu.

Jumatano, 5 Machi

Palizi. Matope mpaka magotini.

Alhamisi, 6 Machi

Nakaa na Adero, Mjaluo wa huko karibu na Sirari, anauza dagaa sokoni kwetu. Ndugu zake nusu wako Kenya, kwa hiyo anajiona Mwingereza. Kila nikikwama ananipiga kiwiko, "Wee Wegesa, kwani hu-get?" Nikamwambia angalau mimi nikiwa sijui kitu nanyamaza.

Jumamosi, 8 Machi

Jua limetoka. Nimeanika koti la Simioni lisiote ukungu. Naanika kila jua likitoka tangu aondoke. Ni koti zuri, la kuvaa kanisani.

Jumanne, 11 Machi

Jamani, sijui nianzie wapi.

Tulikuwa tunasoma, mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Heche. Kofia kichwani, daftari limekunjwa mfukoni mwa koti. Nilipomwona niliruka benchi nikatokea mlango wa nyuma, mimi huyo nje kwenye mvua. Nilijua yameisha. Amekuja kunitoa mbele za watu.

Steven akanifuata na mwavuli. "Wegesa, vipi?"

"Yule ni baba mkwe wangu!"

"Basi vizuri, mtakuwa mnasaidiana nyumbani."

Steven ni mtu wa Njombe, mila zetu hazijui, utamlaumu nini. Ikabidi nimweleze pale pale huku nalowa. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono. Hawakai chumba kimoja. Nikikutana naye njiani mimi napisha kwenye majani na naangalia pembeni, na yeye anaangalia pembeni, shikamoo yangu anaipokea akiwa ameshanipita. Jina langu halitaji, mimi ni mama Irine. Jambo lake likiwepo anamwambia mama mkwe, mama mkwe ananiambia mimi. Mwaka wa saba niko kwenye boma lake na hajawahi kunielekezea neno moja.

"Sasa atasomaje na wewe?" Steven akauliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe!"

Adero akatoa kichwa dirishani. "Hayo ni ya Kikurya. Kizungu hakina mkwe. Rudi ndani, unalowa bure."

Nikarudi. Si kwa ajili ya Adero. Nilikumbuka tarehe 26 Mei. Nikakaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, nyuma ya nguzo. Mzee alikaa mbele akatazama dirishani muda wote, hata ubaoni hakuangalia vizuri.

Steven alimuuliza mbele ya wote anataka Kiingereza cha nini. Mzee akasema, "Nahitaji kama sentensi tano tu. Nikizipata nitakaa nyumbani."

Sentensi tano. Za kumwambia nani? Mzee ana miaka sitini na tisa, aliacha shule darasa la nne, ng'ombe wake hawajui Kiingereza.

Nimengoja jioni nzima mama mkwe aniletee maneno ya mzee. Hakuna. Kumbe mzee alimuaga mama kwamba anakwenda kuangalia josho la ng'ombe. Na yeye anajificha! Sielewi kitu hapa.

Alhamisi, 13 Machi

Amekuja tena. Nguzo ile imekuwa rafiki yangu.

Jumanne, 18 Machi

Steven ametuhesabu moja mpaka tisa, mara mbili, tuwe wawili wawili. Pamoja na mzee sasa tuko kumi na wanane kamili. Mimi nikawa saba. Nikasikia sauti kule mbele, "Saba." Ukumbi mzima ukasema, "Haa!" Wote ni watu wa hapa, wote wanajua.

Nikasema sitaki. Steven akasema usailini hutachagua wa kuongea naye. Mzee alibeba benchi lake akaliweka katikati ya ukumbi, akakaa akitazama dirisha. Watu wakaniangalia. Nikabeba langu, nikaliweka nyuma ya lake, nikakaa nikitazama mlango. Mgongo kwa mgongo, hatua mbili katikati.

Zoezi lilikuwa, "How did you get here?" Umefikaje hapa. Nilisikia anakohoa. Anafunua daftari. Akasoma polepole neno moja moja. Nami nikaujibu mlango, "I got here on foot."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza baba mkwe wangu kunielekezea tangu niolewe. Umefikaje hapa. Nimerudi nyumbani na kichwa kinaniuma, na sijui kama nimefanya kosa au sijafanya.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Josho tena, ndivyo anavyomwambia mama.

Jumamosi, 22 Machi

Simioni anasalimia. Mama kasema. Jua kidogo, nimeanika koti. Mzee alipita akielekea zizini, akasimama akaliangalia lile koti kwenye kamba muda mrefu, halafu akarudi ndani bila kufika zizini.

Jumanne, 25 Machi

Leo mzee amenyoosha mkono. "Mwalimu, mtu akioa, hiyo nayo ni get?"

"Ndiyo mzee. Get married."

"Sasa akioa mke mwingine?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Adero alinipiga kiwiko karibu nianguke. "Unasikia? Baba mkwe wako anatafuta mzungu!" Nilicheka na mimi, lakini njiani nikaanza kuwaza. Inawezekana? Aliwahi kuwa na wake wawili, mdogo alifariki kabla sijaja. Kama anataka kuoa, Kiingereza cha nini? Na mama mkwe akijua, nani atakaa kwenye lile boma?

Alhamisi, 3 Aprili

Mzee: "Na akipata mtoto wa kiume?"

Steven: "Hapo tunasema has, ana mtoto."

Mzee: "Kwa get haiwezekani?"

Steven alikuna kichwa. "Utaeleweka, mzee."

"Basi inatosha," mzee akasema, akaandika. Anaandika kama anachonga mti, ulimi nje.

Jumanne, 8 Aprili

Get over. Ni kuvuka kitu, na pia ni kupona huzuni. Nikauliza inachukua muda gani. Steven akasema hilo si swali la sarufi.

Alhamisi, 10 Aprili

"Mwalimu, aibu ikimpata mtu?"

"I am ashamed."

"Hapana. Nataka ya get. Nimeshaizoea hiyo."

Mpaka Steven mwenyewe amechanganyikiwa. Amemwachia.

Mimi nilikuwa nimeshika kwamba anataka kuoa. Sasa aibu inaingiaje? Nimemuuliza Adero, amesema labda huyo mchumba amemkataa. Huyu Adero siku moja nitamfunga mdomo na kamba ya dagaa wake.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tulichinja mbuzi. Wanaume wanakula nje, sisi jikoni. Mama mkwe akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Simioni amepiga asubuhi. Anasalimia sana mke wake. Mwezi wa sita anakuja na viatu vya Irine." Nilimwona mzee kupitia mlango wa jiko. Aliweka nyama chini, akanawa mikono, akaondoka na chakula chake kimejaa sahani.

Nilifurahi kwa ile salamu, nakiri. Nilipima mguu wa Irine kwa kamba nikampa mama, nikamwambia amsomee Simioni kipimo kwenye simu. Mama alipokea kamba akaifunga kwenye pindo la kanga yake bila kuniangalia.

Alhamisi, 24 Aprili

Tembo wameingia shamba la chini. Theluthi ya mahindi hakuna. Nimelia, halafu nimepalilia yaliyobaki.

Jumanne, 29 Aprili

Nimegundua kitu kinanitisha. Natamani Jumanne ifike. Si kwa sababu ya usaili tu. Mzee na mimi tunakaa migongo, tunaulizana, "Did you get the milk?" "Yes, I got the milk." Maziwa gani, hakuna maziwa. Lakini nikikosea anangoja. Akikosea nangoja. Leo alisema "I get rain" nikaona anataka kusema amelowa, nikamwambia "I got wet", akarudia, na kwa mgongo nikajua anatabasamu. Nilimwogopa huyu mtu miaka saba. Sasa sijui kama nilikuwa namjua.

Jumanne, 6 Mei

Mama mkwe amejua. Mtu wa sokoni kamwambia kwaya yangu inaimba get get get. Nilimkuta amesimama mlangoni kwangu.

"Unataka kwenda kulala kwenye mahema na wazungu?"

"Ni kazi, mama. Vyumba na meza."

"Na Simioni akija akute nini? Kitanda kitupu?"

"Mama, miaka mitatu!"

"Hutoki hapa mpaka Simioni aje. Namwambia mzee."

Alikwenda nyumba kubwa. Nilisikia sauti yake, ya mzee sikuisikia. Akarudi akasimama mbali kidogo, akasema, "Mzee amekataa. Amesema kama unataka kwenda, nenda, lakini Irine anabaki na wewe usirudi."

Nimekaa chini jikoni mpaka moto ukazimika. Basi ndivyo. Alikuja kunichunguza. Miezi miwili amekaa nyuma ya mgongo wangu akihesabu nitakimbia lini, na mimi mjinga namsahihisha get yake! Namchukia. Naandika hapa kwa herufi kubwa, NAMCHUKIA, na kesho bado nitamsalimia shikamoo kwenye majani.

Alhamisi, 8 Mei

Sikwenda.

Jumamosi, 10 Mei

Jua. Nimeanika koti. Basi, nafanya nini kingine? Nimngoje Simioni. Mwezi wa sita si mbali.

Jumanne, 13 Mei

Naandika hii Irine amelala mapajani kwangu, na giza bado halijaingia.

Nilikwenda darasani kumwambia Steven naacha. Nilitaka tu kusema asante. Mvua kubwa ikaanza, bati likawa linapiga kelele hata mwenyewe husikii unachosema, na Steven akaonyesha kwa mikono tukae wawili wawili tuongee chochote chenye get. Mzee alikuwa ameshakaa. Benchi langu lilikuwa tayari nyuma ya lake, aliliweka mwenyewe. Nikakaa kwa hasira. Nikasema moyoni, leo simjibu.

Hakuanza na "How did you get here". Daftari hakulifungua. Alisema kwa sauti kubwa kushinda mvua, dirishani kule:

"Simioni get wife."

Nikadhani ni mfano wa zoezi. Simioni amepata mke, ndiyo, mke ni mimi.

"Simioni get wife. Kehancha. In Kenya. January, I go funeral, I see."

Alikwenda kweli Kehancha mwezi wa kwanza, msibani.

"He get boy. Two years, the boy."

Miaka miwili. Hesabu hiyo hata Irine anaijua.

"He not get back. He say me, Tata, I not get back home."

Tata, baba kwa Kikurya. Nilitaka kugeuka. Naapa nilitaka kugeuka nimshike yule mzee koti nimwambie sema kwa Kikurya, sema kwa Kiswahili, sema kama mtu! Sikugeuka. Nikashika benchi kwa mikono miwili. Nikauuliza mlango, na sijui Kiingereza kile kilitoka wapi, "Why you not tell me?"

"I tell Agustina. January. I say, tell mama Irine. I see the coat. Every sun, I see the coat. I know Agustina not tell. I get shame."

Nilikuwa nalia, maji yanashuka tu. Na yeye sijui alikuwa anafanya nini kule kwake. Nilisikia tu anavuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia.

Halafu nikakumbuka tarehe 6. Nikasema, "You say no. Job. You say no."

"No! I not say no. She say." Na hapo mvua ikakatika, ghafla, kama hapa inavyokatika, na ukumbi mzima ukamsikia Mzee Heche akipaza sauti dirishani: "You get the job! Go! Irine, I get her to school, every day, me! Go!"

Watu wote wakapiga makofi. Adero akapiga vigelegele. "Mzee ametema kizungu!" Steven alikuja anacheka macho yanang'aa, akasema, "Safi sana mzee, sentensi nzima nzima! Ila mwanzo, nilipopita karibu nikasikia mfano wako, ungesema 'Simioni has got a wife'."

Mzee akajibu kwa Kiswahili, pole pole, "Asante mwalimu. Zilikuwa tano tu." Akachukua kofia akaondoka. Mimi nilibaki natazama mlango, na watu wakidhani nalia kwa furaha ya kumsikia baba mkwe wangu akiongea Kiingereza.

Jumatano, 14 Mei

Nilimfuata mama mkwe shambani. Sikupiga kelele, nilikuwa nimepanga kupiga kelele ila haikutoka. Nikamwambia, "Mama, Simioni ana mtoto wa kiume Kehancha."

Jembe likamtoka mkononi. "Nani amekuambia?"

"Mzee."

"Mzee hawezi kukuambia! Mzee haongei na wewe!"

"Ameniambia kwa Kiingereza."

Akakaa kwenye tuta, pale pale kwenye tope, na kanga yake. Kuoa wa pili kwetu si ajabu, nilimwambia. Angesema tu. Angekuja akasema, Wegesa nimeoa, ningemtukana wiki nzima halafu ningejua pa kusimama. Nikamuuliza, "Na zile salamu? Amepiga Pasaka, amepiga Machi, viatu vya Irine?"

Mama alifungua pindo la kanga. Ile kamba niliyompimia mguu wa mtoto bado ilikuwemo.

"Hajapiga tangu mwaka juzi," akasema. "Salamu zilikuwa zangu. Nilikuwa nakusalimia mimi. Nilisema akisikia huku bado kuna mke na mtoto wanamngoja, atarudi. Na wewe ukiondoka, nani tena anamngoja? Mimi peke yangu?"

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kuchoma nyumba. Sasa nikamwona mwanamke mzee kwenye matope, naye ameachwa na mtu yule yule. Sikumsamehe. Nimeandika ili nikumbuke, sikumsamehe. Lakini nilimshika mkono akasimama, tukamaliza ule mstari wa mahindi pamoja.

Alhamisi, 15 Mei

Mzee hakuja darasani. Sikujua nikae na nani.

Jumamosi, 17 Mei

Jua. Sijaanika koti.

Alhamisi, 22 Mei

Steven amenipa daftari la mzee, alilisahau siku ile chini ya benchi. "Mpelekee." Sikumweleza tena kwamba siwezi kumkabidhi mkononi. Nitaliweka kwenye kigoda nje ya nyumba kubwa.

Nililifungua njiani. Nilijua si vizuri. Ukurasa wa kwanza una tarehe 11 Machi, siku ile nilipokimbilia mvuani. Ameandika kwa Kiswahili mistari mitano, na mbele ya kila mstari ameacha nafasi ya kujaza Kiingereza:

Simioni ameoa.
Ana mtoto wa kiume.
Harudi.
Nimeaibika.
Mama Irine asimngoje.

Kumbe alikuja akijua nipo. Kurasa zote zinazofuata ni hiyo mitano tu, tena na tena, imekatwa, imeandikwa upya. Kwenye ukurasa wa tarehe 6 Mei ule wa tano umekatwa kwa mistari miwili mizito, na chini yake: Mama Irine aende kazini.

Nimeliweka kwenye kigoda. Juu yake nimeweka koti la Simioni, limekunjwa.

Jumatatu, 26 Mei

Usaili. Pikipiki ilikwama mara tatu, nimefika nimelowa mpaka ndani ya viatu. Mzungu wa kike, nywele nyeupe, akaniangalia akauliza swali la kwanza: "How did you get here?"

Jamani! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nikamwambia yote, pikipiki, tope, mvua, nilikosea nyingi, nikaendelea. Hakuna mkwe pale. Nilimwangalia machoni.

Ijumaa, 30 Mei

Wamepiga simu. Naanza Jumatatu. Mama mkwe alinipikia ugali wa ulezi na kuku, akakaa mbali nilipokuwa nakula, akaniuliza kama huko kambini kuna baridi.

Jumatatu, 2 Juni

Naandika kitandani kambini. Kitanda changu, namba nne.

Asubuhi Irine alinishika sketi, nikamwahidi wiki sita, tukahesabu kwa vidole vyake na kimoja cha kwangu, hakutaka kutumia cha mkono wa pili. Mama mkwe alinibebea begi mpaka njiani. Mzee alikuwa langoni kwa zizi, ametupa mgongo, anaangalia ng'ombe. Nikaingia kwenye majani kama siku zote, nikaangalia mahindi, nikasema, "Shikamoo, Tata."

"Marahaba." Halafu akawaambia ng'ombe kwa Kiingereza, kwa sauti, "When you get there, call. Not Agustina. Call me."

Mama mkwe akaganda na begi langu. Sijui kama alielewa neno lolote, ila jina lake alilisikia. Nikayaambia mahindi, "Yes, Tata."

Namba ya mzee sikuwa nayo, miaka saba sijawahi kuihitaji. Mama mwenyewe ndiye aliyenitajia, pale barabarani, tarakimu moja moja, na mimi naiandika kwenye kiganja.

Nimefika saa tano. Mpaka saa kumi nilikuwa naizunguka ile simu. Nitasema nini? Kwa lugha gani? Baba mkwe hapigiwi simu. Nilibonyeza, nikakata. Nikabonyeza tena. Ikaita mara moja tu, akapokea.

Nikasikia anakohoa. Nikasikia kuku wa nyumbani kwetu. Halafu nikasikia kurasa za daftari zinafunuliwa, moja, mbili, anatafuta, na mimi nikakaa kitandani nikangoja mpaka akapata.

"Hello," akasema. "How did you get there?"